Mtoto wangu anajua Kiingereza tu. Montreal atasoma shule gani?

Mama Imani (Umoja)
Jumapili, saa nne usiku

Habari zenu wadau. Naomba mnisaidie mawazo, maana nimelala na hili jambo siku nne na halitoki.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 11 huu kazini. Mume wangu alienda Montreal Januari kusomea shahada ya uzamili ya uhandisi. Chuo chake kinafundisha kwa Kiingereza, kwa hivyo sote tulijua Kanada ni Kanada, mtu akienda na Kiingereza chake ameshamaliza. Mpango ni mimi na Imani tumfuate Agosti. Imani ana miaka 10, yuko gredi ya nne.

Wiki jana baba Imani akapiga simu, sauti iko chini. Amepata nyumba ya kupanga kuanzia tarehe 1 Julai (anasema kule karibu mji mzima huhama siku hiyo moja, barabara zinajaa makochi na friji, sijui kama ananitania), lakini mkataba aliopewa ni Kifaransa mwanzo hadi mwisho. Akaulizia shule. Jirani akamwambia mtoto wa mgeni haingii shule ya Kiingereza ya serikali hivi hivi, lazima awe na cheti cha kumruhusu. Cheti cha nini jameni? Huyu mtoto amesomeshwa Kiingereza tangu chekechea. Hata Kiswahili namtoa kwa nguvu kama dawa ya minyoo. Nyanyake wa Vihiga akimsalimia kwa Kimaragoli, Imani ananigeukia nimtafsirie, na nyanya anacheka lakini najua kicheko hicho si cha furaha. Tumelipa karo miaka yote hii ili Kiingereza kimnyooke, na kimenyooka. Leo naambiwa ndicho kitakachomfungia mlango?

Na mimi je? Leseni yangu ya uuguzi itanisaidia kule ama naenda kukaa nyumbani nihesabu theluji? Mwenzangu wa zamu ya usiku ananiambia kuna hata polisi wa lugha, wakisikia Kiingereza dukani wanakupiga faini. Aliyeishi huko aniambie ukweli, hata kama ni mchungu.

Jirani wa Donholm
Jumapili, saa nne na nusu usiku

Polisi wa lugha! Hao wakiletwa Nairobi wakae tu kituo cha mabasi cha Muthurwa saa moja, watarudi kwao na deni. Kondakta mmoja kwa sentensi moja anavunja sheria za lugha nne.

Lakini swali ni zito, Mama Imani. Hiyo hadithi si kama ya Kamerun? Kule nako wale wa Kiingereza ndio wachache na wanalia.

Mzee wa Hadiwea (Kinoo)
Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi

Mama Imani, nimesoma swali lako jana nikaona bora nilijibu asubuhi kabla wateja hawajaja. Nimeishi mji huo miaka 13, 2006 hadi 2019, mtaa wa Côte-des-Neiges, kwenye njia ya basi la 165. Nimeosha vyombo, nimepakia mizigo ghalani, nimeendesha gari la kusambaza mikate. Sasa nauza misumari na rangi. Binti yangu alibaki kule, anasoma.

Hiyo ya tarehe 1 Julai ni kweli, hakutanii. Hata mimi nilihama mara tatu, zote siku hiyo, na zote kulikuwa na mtu amekwama na godoro kwenye ngazi.

Tuanze na polisi. Hakuna atakayekushika ukimwambia Imani avae sweta kwa Kiingereza, wala kwa Kimaragoli. Sheria inamwangalia mwajiri, mwenye duka, kibao cha nje, mkataba, shule na ofisi ya serikali. Montreal iko jimbo la Quebec, ambako wengi ni watu wa Kifaransa, na kuna ofisi ya jimbo inayolinda Kifaransa na ina wakaguzi wake. Mwaka 2013 waliuandikia mkahawa mmoja wa Kiitaliano kwa sababu menyu ilikuwa na neno pasta na mengine ya Kiitaliano ambayo hayakuwa Kifaransa. Watu walicheka mpaka magazeti ya ng'ambo yakaandika, na mkuu wa ofisi hiyo akajiuzulu mwezi Machi mwaka huo. Lakini usicheke sana. Kwa sheria ya lugha ya jimbo ya 2022, faini ya mtu binafsi huanzia dola 700 hadi 7,000, na ya kampuni 3,000 hadi 30,000, kosa la kwanza. Na tangu Juni 2025, duka lenye jina la Kiingereza lazima maandishi ya Kifaransa kwenye kibao yachukue nafasi mara mbili ya hayo mengine. Hata alama ya barabarani ya kusimama imeandikwa ARRÊT, wakati huko Ufaransa kwenyewe wameandika STOP na hawaoni shida. Nilipomwonyesha hilo mwenzangu wa ghalani, akanijibu, "Wao hawajazungukwa na Kiingereza."

Sasa shule. Kule, Kiingereza kina wenyewe. Mwaka 1977 serikali ya jimbo ya René Lévesque ilipitisha sheria ya kulinda Kifaransa ambayo kila mtu huiita 101. Mtoto anaingia shule ya Kiingereza ya serikali kama mzazi wake alisoma sehemu kubwa ya shule ya msingi kwa Kiingereza. Mwanzoni ilibidi mzazi awe alisomea Quebec penyewe. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikapanua, ikawa popote Kanada. Wewe ulisoma Vihiga. Kiingereza chako kiwe cha Malkia mwenyewe, hakimo. Hawapimi ulimi, wanapima ukoo.

Lakini nyinyi mnaingia kwa vibali vya muda. Watoto wa watu hao wanaweza kupewa ruhusa ya kusoma shule ya Kiingereza, na sheria ya 2022 imeiwekea kikomo: miaka 3, haiongezwi. Sasa piga hesabu. Imani anaingia na miaka 10. Akifika 13 anang'olewa, anapelekwa Kifaransa wakati wenzake tayari wako sekondari. Kama mnakwenda kwa shahada moja mrudi, chukua ruhusa hiyo, usijisumbue. Kama moyoni mnajua mtabaki (na wengi husema watarudi, mimi nilisema miaka 3), mpeleke Kifaransa siku ya kwanza. Kuna shule za binafsi zisizopokea senti ya serikali, hizo haziulizi cheti, lakini karo yake muuguzi na mwanafunzi msiifikirie.

Wangu aliingia akiwa na miaka 8. Kuna darasa la watoto wageni, linaitwa accueil, maana yake kama makaribisho. Mchina, Mfilipino, Mrusi na Mkikuyu wangu, wote wamekaa kimya pamoja. Alilia kuanzia Septemba. Akawa anaumwa tumbo kila Jumatatu. Kufika Krismasi aliimba wimbo mzima mbele ya wazazi, mimi sikuelewa neno, mamake akalia. Kufika Aprili alikuwa anagombana na dereva wa basi.

Hapo ndipo shida nyingine ilipoanza, na hii hakuna atakayekuandikia kwenye fomu. Februari moja nikashikwa na mawe ya figo. Zahanati moja mashariki ya mji, mbali na hospitali zile za Kiingereza. Muuguzi alikuwa mtu mwema kabisa, alijaribu Kiingereza, kikamwishia katikati ya sentensi. Akamgeukia binti yangu, miaka 9. Mtoto akawa anasikiliza, ananiangalia, anatafuta neno. Nikaletewa karatasi nitie sahihi. Nikamuuliza, inasema nini? Akasema, "Ni sawa baba, ni ya kawaida." Nikajua hajaelewa.

Nilijua kwa sababu nilishawahi kuwa mtoto huyo. Mwaka 1981 nilikuwa darasa la sita, nikampeleka mama hospitalini kufanyiwa upasuaji. Mama anajua Kikuyu tu. Daktari anaongea Kiingereza, fomu ni ya Kiingereza, na mimi na Kiingereza changu cha kusoma hadithi ya sungura na fisi nikaambiwa nimweleze. Nikasoma mstari wa kwanza, nikakwama, nikaona haya mbele ya daktari. Nikamwambia, "Ni sawa mama." Akatia kidole kwenye wino. Hapakuwa na Mfaransa hapo. Hiyo ilikuwa nchi yetu, hospitali yetu, miaka 18 baada ya uhuru.

Nilitia sahihi. Mawe yakatoka. Lakini tangu siku hiyo niliandikisha jina kwenye darasa la jioni la Kifaransa, la bure, na nikiwa na miaka 40 na kitu nikakaa kwenye kiti kidogo nikirudia je suis, tu es.

Wateja wameanza kuja. Nitaendelea jioni, kuna la kazi yako na la hao Waingereza wenyewe.

Mtafsiri wa Kilifi
Jumatatu, saa sita mchana

Mzee, umenigusa, lakini kwa hadithi hiyo hiyo mimi nasema Wakwibeki wako sawa na sisi ndio tumelala. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imesema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Rasmi wapi? Hati ya kiwanja cha marehemu babangu ni Kiingereza. Mkataba wa mkopo, Kiingereza, tena cha herufi za siafu. Hukumu ya kesi ya shamba ilisomwa kwa Kiingereza, wazee wanne wamekaa mbele na kofia mapajani, mmoja akaniuliza nje, "Mwanangu, tumeshinda ama tumeshindwa?" Ndiyo kazi yangu hiyo, kuwaambia watu kama wameshinda.

Tanzania mwaka 2021 wametunga sheria, mahakama zitumie Kiswahili. Sisi tunasherehekea Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai, hotuba zinatolewa, keki inakatwa, halafu kesho yake fomu ni zile zile. Tungekuwa na 101 yetu!

Jirani wa Donholm
Jumatatu, saa saba mchana

Kwa mgeni rasmi wa siku hiyo mwaka fulani nilisikia "Kiswahili kitukuzwe" mara tano na "as I was saying" mara kumi na mbili. Nilihesabu.

Mzee wa Hadiwea (Kinoo)
Jumatatu, saa mbili usiku

Nimefunga duka.

Mama Imani, kazi kwanza. Uuguzi Quebec uko chini ya chama cha taaluma cha jimbo, na sheria ya lugha inakataza vyama vyote vya taaluma kutoa leseni kamili kwa mtu asiye na Kifaransa cha kufanyia kazi. Wahasibu, wahandisi, wauguzi, wote. Kuna kibali cha muda unachofanyia kazi huku ukijiandaa kwa mtihani wa Kifaransa. Mume wako naye asijione amepona kwa sababu chuo ni Kiingereza. Akimaliza na kutaka muhuri wa uhandisi wa jimbo, atakutana na mlango huo huo.

Na kuna la miezi 6. Tangu Juni 2023, mhamiaji akishamaliza miezi 6 tangu afike, serikali ya jimbo inamwandikia na kumhudumia kwa Kifaransa tu. Wameacha nje mambo ya afya, usalama wa umma na haki ya mtu mbele ya sheria. Wale wenye kile cheti cha shule ya Kiingereza, na watu wa makabila ya asili, wanaendelea kuandikiwa Kiingereza. Kwa hivyo unaona: hata ndani ya Kiingereza kuna wa nyumbani na wa barazani. Sisi ni wa barazani.

Wa nyumbani wenyewe nao hawalali. Ghorofa ya tatu, juu yangu, alikaa bibi mmoja Mwingereza wa kuzaliwa pale, mjane, zaidi ya miaka 80. Nilikuwa nampandishia mikate iliyobaki. Watoto wake mmoja Toronto, mwingine Calgary. Aliniambia baada ya 1977 mtaa wake wa zamani ulikuwa na kibao cha "nyumba inauzwa" kila baada ya mlango. Kampuni kubwa ya bima ilitangaza Januari 1978 kwamba inahamisha makao yake makuu kwenda Toronto, na watu zaidi ya laki moja wa lugha yake waliondoka miaka ile. Yeye alibaki kwa sababu mumewe alizikwa mlimani pale. Kifaransa chake kilikuwa cha dukani, maziwa na mayai. Alichokiogopa si kibao. Aliogopa kufa akiwa anaelezwa jambo asilolielewa.

Watu hufikiri Waingereza wa Quebec ni mabwana wote wa majumba ya mlimani. Sensa ya 2021 ilionyesha ukosefu wa kazi uko juu zaidi kwao kuliko kwa wa Kifaransa. Huko vijijini, pwani ya Gaspésie, kuna wavuvi wazee wa Kiingereza ambao daktari wao ni basi la saa nyingi. Wana haki ya huduma za afya kwa Kiingereza, imo kwenye sheria tangu 1986. Lakini Julai 2024 wizara ilitoa mwongozo ambao watu waliusoma kama unataka mgonjwa aonyeshe cheti kabla ya kuongeleshwa Kiingereza. Binti yangu alinipigia akicheka kwa hasira: "Baba, mtu amevunjika mguu atafute cheti cha shule ya msingi." Kelele zikapigwa, Septemba wakaufuta na kutoa mwingine uliosema cheti hakihitajiki. Ukweli usemwe. Lakini bibi wa ghorofa ya tatu angekuwa hai miezi hiyo miwili, asingelala.

Sasa usiondoke hapa ukiwachukia Wakwibeki. Yule mwenzangu wa ghalani, Mkwibeki mzee, aliniambia babake alifanya kazi kiwandani miaka 30, msimamizi hakuwahi kumsemesha kwa lugha yake. Wakiongea Kifaransa mbele ya Mwingereza waliambiwa "ongea kizungu." Wao wenyewe ni wazungu! Nilicheka, yeye hakucheka. Tume ya serikali ya miaka ya 1960 ilipopiga hesabu ya mapato ndani ya Quebec, watu wa asili ya Kifaransa, waliokuwa wengi jimboni, walikuwa karibu na mkia, chini ya karibu kila jamii nyingine. Kwa hiyo 101 kwake haikuwa sheria ya kibao. Ilikuwa siku ambayo babake alisemeshwa.

Ndiyo maana, Mtafsiri, nakuelewa. Lakini nijibu hili: ukiitunga 101 ya Kiswahili leo, mamangu wa 1981 atatia kidole kile kile. Kiswahili hakijui. Nyanya wa Imani kule Vihiga je? Tutakuwa tumebadilisha aliyekaa mezani, aliyesimama barazani ni yule yule.

Na Jirani, Kamerun ni habari nyingine. Kule mwaka 2016 mawakili wa mikoa miwili ya Kiingereza waliandamana kwa sababu walikuwa wanaletewa mahakimu wasiojua lugha yao wala sheria yao ya asili ya Kiingereza. Walimu wakajiunga. Serikali ikajibu kwa nguvu, 2017 ikazima intaneti ya mikoa hiyo siku 93, na vita vimeua maelfu. Quebec wanapelekana kortini. Agosti 2022 jaji alisimamisha kipengele kilichotaka kampuni zilipie tafsiri rasmi ya Kifaransa kabla ya kufungua karatasi za kesi. Wanaudhiana, wanahama, wanaandika barua ndefu kwa magazeti. Hakuna anayezika mtu.

Mtafsiri wa Kilifi
Jumatatu, saa tatu usiku

Swali la nyanya wa Vihiga nimelikalia saa nzima, Mzee. Katiba hiyo hiyo kifungu hicho hicho inasema serikali itakuza lugha za kiasili pia, na lugha ya ishara, na breli. Kwa hivyo kwenye karatasi tumeshamaliza. Hospitalini ndiyo bado. Lakini sikubali kwamba kwa kuwa hatuwezi kumfikia kila mtu basi tubaki na lugha ya aliyetufikia kwa meli. Wazee wangu wanne walielewa Kiswahili. Hao wanne ni watu.

Mzee wa Hadiwea (Kinoo)
Jumatatu, saa tatu na robo usiku

Ni watu. Hapo umenishika.

Mwalimu wa Bukavu (Kasarani)
Jumanne, saa moja asubuhi

Mama Imani, bonjour. Mimi ni Mkongo, nafundisha Kifaransa hapa Nairobi mwaka wa 9. Wanafunzi wangu wengi ni kama wewe: wauguzi, madereva, wasichana wa hoteli, kila mtu na Quebec yake. Nitasema ya kazi, siasa mmeimaliza.

Jimbo lile lina ngazi yao ya Kifaransa yenye hatua 12. Wanachokitaka kwa kawaida kwa mfanyakazi anayetaka kukaa ni hatua ya 7 ya kuongea, ambayo kwa vitabu vyetu ni B2, yaani unaongea bila kubabaika. Muuguzi wa Kikenya anayekuja kwangu jioni tatu kwa wiki, anayesoma kweli, asiyekosa kwa sababu ya mvua, namfikisha A2, ya mazungumzo mepesi, kwa miezi 6 au 7. B2 si ya miezi 6. Akikuambia mtu ni ya miezi 6, mwulize anauza nini. Kwa hiyo Agosti utafika ukiwa na cha kununulia mayai kama yule bibi. Si kibaya. Kule kuna masomo ya bure ya serikali kwa wahamiaji, lakini mwaka 2024 pesa za masomo hayo zilipungua vituo vingi vikafunga madarasa katikati ya msimu, basi usitie mayai yako yote kapu hilo.

Jambo la pili. Kifaransa nitakachokufundisha ni cha Bukavu na cha vitabu. Ukitua Montreal utafikiri nilikuibia. Gari wao huita char. Mpenzi wa kike ni blonde, hata kama nywele zake ni nyeusi tititi. Dîner, ambacho mimi nitakuambia ni chakula cha usiku, kule ni cha mchana, na Wakongo tuko pamoja nao kidogo hapo, Wabelgiji walituachia hivyo. Mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi, alialikwa dîner akafika saa moja jioni. Walikuwa wameshaosha sahani.

Na la tatu ni la Imani. Usimfundishe wewe. Mzazi mwenye haraka anamfanya mtoto aogope kukosea. Mwache akosee na watoto wenzake. Kiingereza chake kitamsaidia kuliko mnavyofikiri, maneno maelfu ya Kiingereza yalitoka Kifaransa, yeye atayatambua kwa macho kabla ya wewe kuyatambua kwa masikio. Kiswahili nacho msikiache uwanja wa ndege. Mtoto wa lugha mbili hujifunza ya tatu akiwa anacheza. Nyinyi mna tatu nyumbani, ya nyanya mnaihesabu kama deni.

Jirani wa Donholm
Jumanne, saa mbili asubuhi

Sasa hata mimi nataka kwenda na mahali pa kwenda sina.

Mama Imani (Umoja)
Jumanne, saa tano usiku

Nimetoka zamu sasa hivi nimesoma yote kwenye matatu, nikapitishwa kituo changu.

Mzee wa Hadiwea, hiyo ya mama kutia kidole. Mimi ndiye muuguzi anayeshika hiyo karatasi. Leo mchana nilikuwa na mama kutoka Mandera, anaongea Kisomali, amekuja na kijana wa miaka 12 hivi. Nilikuwa tayari nimemgeukia kijana. Nikasita. Nikapiga simu maabara, kuna dada Msomali pale, akapanda juu dakika 20 baadaye. Daktari alinuna kwa sababu ya dakika 20.

Nimeongea na baba Imani. Anasema tukifika hatutarudi, yeye anajua, alikuwa anaogopa kuniambia. Basi ile ruhusa ya miaka 3 hatuitaki, mtoto aende kwa Wachina na Warusi akalie nao. Nimemweleza Imani. Hajalia. Ameniuliza kama kule atakuwa yeye ndiye hajui na wengine ndio wanajua. Nikamwambia ndiyo, kwa muda. Akasema, "Kama nyanya akija hapa kwetu." Nikakosa jibu, nikampigia nyanya wakaongea. Ameuliza "habari ya asubuhi" kwa Kimaragoli inasemwaje, akakosea, nyanya akacheka kile kicheko kingine.

Mwalimu, hilo darasa lako la Jumamosi lipo? Linaanza saa ngapi? Na mtoto unalipisha kiasi gani?

Mwalimu wa Bukavu (Kasarani)
Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi

Lipo. Saa tatu kamili, nami nafunga mlango saa tatu na dakika 10. Mtoto ni nusu. Aje na daftari la mistari mipana. Na wewe uje na lako, usikae nyuma kama mlezi.